Jina Juu ya Mlango

Mapema mwaka 1903 mshairi Rainer Maria Rilke, wakati huo kijana wa miaka 27, alitoa kitabu juu ya wachoraji wa Worpswede, kijiji cha kinamasi na miti yenye magome meupe kilichoko karibu na mji wa Bremen, kaskazini ya Ujerumani. Kitabu kinawaeleza wachoraji watano: Fritz Mackensen, Otto Modersohn, Fritz Overbeck, Hans am Ende na Heinrich Vogeler. Wote ni wanaume, na wote wameandikiwa nathari iliyopambwa kama ushairi. Katika kijiji hicho hicho, Paula, mke wa Otto Modersohn, alikuwa na chumba chake cha kazi katika nyumba ya mkulima mmoja, na humo alikuwa akichora siku baada ya siku. Rilke hakuwa mgeni kwake. Mwaka 1900 alipofika Worpswede alikaa naye jioni nyingi wakizungumza, na Clara Westhoff, mchongaji na rafiki mkubwa wa Paula, ndiye aliyekuja kuwa mke wa mshairi huyo. Hata hivyo Paula hamo kitabuni.

Miaka mitano baadaye Rilke aliandika tena, na safari hii alimwandikia yeye. Shairi hilo alilitunga Paris kwa muda wa siku tatu, tangu tarehe 31 Oktoba hadi tarehe 2 Novemba 1908, karibu mwaka mmoja baada ya Paula kufa. Ni maombolezo marefu yasiyo na vina. Ndani yake marehemu anarudi usiku kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na mshairi anamuuliza amerudia nini. Anamkumbusha alivyoyaona matunda na kuupima uzito wake kwa rangi. Alivyowatazama wanawake na watoto kwa jicho lile lile. Na jinsi hatimaye alivyovua nguo zake, akasimama mbele ya kioo na kujiona mwenyewe kuwa tunda. Kisha shairi linageuka kuwa mashtaka. Mwanamke huyu, asema mshairi, amekufa kifo cha kizamani, kifo cha wazazi katika nyumba zenye joto, na mwenye kushtakiwa ni mwanamume. Si huyu wala yule, bali mwanamume kwa jumla. Waijuao lugha ya Kijerumani hulihesabu shairi hilo miongoni mwa maombolezo makubwa ya karne ya ishirini. Anwani yake yasema tu kwamba ni maombolezo kwa rafiki wa kike, na tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho jina la rafiki huyo halitajwi.

Rilke anaweza kutetewa. Alipoandika kitabu chake Paula alikuwa amewahi kuonyesha kazi zake mara moja tu, na hiyo moja ilimwachia aibu. Tangu hapo picha zake alizigeuzia ukutani, asimwonyeshe kila aingiaye. Mshairi hakuzitazama kwa kituo hadi mwishoni mwa mwaka 1905, na alipozitazama alinunua moja, akamsifu mchoraji kwa tajiri aliyekuwa akimsaidia yeye mwenyewe. Tena mwaka 1908 mume wa marehemu alikuwa hai, jamaa wa pande zote walikuwa na majonzi mabichi, na pengine kutaja jina kungeonekana utovu wa adabu. Haya yote ni kweli. Lakini msomaji wa pwani, aliyezoea kumwona mtunzi akijitaja yeye na mji wake katika beti za mwisho za utenzi ili wajao wajue ni nani aliyesema, hawezi kuiona kimya kimya pengo hiyo ya jina. Bibi wa Pate aliyemuusia bintiye katikati ya karne ya kumi na tisa twamjua hadi leo, kwa sababu utenzi wenyewe umeitwa Utendi wa Mwana Kupona. Bibi wa Worpswede aliliwa na sifa zake. Zilibaki sifa, yeye akatoweka ndani yake.

Aliyelirudisha jina lake hakuwa mshairi, wala hakuwa msomi wa sanaa. Alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, na kwa hesabu ya mambo mengine aliyoyaamini, hakuwa mtu ambaye mtu angependa kumshukuru.

Paula Becker alizaliwa Dresden tarehe 8 Februari 1876, na familia yake ikahamia Bremen mwaka 1888. Baba yake, aliyekuwa mhandisi wa reli, alitaka binti awe na kazi ya kumlisha, na kwa ajili yake Paula alisomea ualimu akapata cheti. Kuchora alikuanza alipopelekwa kwa shangazi yake Uingereza mwaka 1892, na baada ya ualimu alipata ruhusa ya kwenda Berlin, katika shule ya chama cha wachoraji wanawake. Hapana budi kukumbuka kwamba vyuo vya serikali vya sanaa nchini Ujerumani vilikuwa vimefungwa kwa wanawake, na havikufunguliwa hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamke aliyetaka kujifunza alilipa ada kubwa katika shule za binafsi, au alikwenda Paris.

Mwaka 1898 alihamia Worpswede na kuwa mwanafunzi wa Mackensen. Mwezi Desemba 1899, yeye na wanawake wenzake wawili, mmoja wao Clara Westhoff, walionyesha kazi katika jumba la sanaa la Bremen liitwalo Kunsthalle. Mhakiki wa gazeti la mji, Arthur Fitger, ambaye naye alikuwa mchoraji na mshairi wa kuheshimiwa, aliwaandikia maneno ya kichefuchefu, hata akaona hayana lugha ya kiungwana ya kuyaelezea yale aliyoyaona. Fitger leo hukumbukwa zaidi kwa makala hiyo kuliko kwa mashairi yake. Paula hakujibu. Usiku wa kuamkia mwaka 1900 alipanda garimoshi kwenda Paris.

Paris alikwenda mara nne katika maisha yake, na kila mara alirudi akiwa mchoraji mwingine. Alimwona Cézanne katika duka la mfanyabiashara wa picha kabla jina hilo halijawa kubwa. Katika jumba la Louvre alikaa mbele ya nyuso za wafu wa Misri zilizochorwa juu ya mbao zaidi ya miaka 1,700 kabla yake. Kutokana na nyuso hizo alijifunza jambo ambalo Worpswede haikuweza kumfundisha: kuacha. Wenziwe wa kijijini walichora mawingu, maji, mwanga wa jioni na huzuni yake. Yeye aliwachora vizee wa nyumba ya maskini, watoto wa wachimba kinamasi na mama wanyonyeshao, akawaondolea kila pambo, akawaacha na macho, mikono na uzito wao. Rangi aliipaka nene, mara akaikwaruza kwa nyuma ya brashi. Watu hao hawaombi huruma. Mtazamaji akisimama mbele yao ndiye aonaye kwamba anatazamwa.

Tarehe 25 Mei 1901 aliolewa na Otto Modersohn, mjane mwenye binti mdogo. Otto hakuwa mume mbaya. Alikuwa miongoni mwa watu wachache sana waliojua kwamba mke wake ni mchoraji wa kweli, aliandika hivyo katika daftari zake, na mara nyingi ndiye aliyemlipia safari. Lakini katika daftari hizo hizo alilalamika kwamba mkewe hamsikilizi na anaharibu umbo la vitu. Mwezi Februari 1906 Paula aliondoka Worpswede kwenda Paris kwa nia ya kutorudi. Katika siku hizo alimwandikia Rilke barua ambayo imekuwa maarufu kuliko picha zake nyingi. Alimweleza kwamba hajui atie sahihi gani: jina la mume si lake tena, jina la baba si lake tena, yeye ni yeye, na anatarajia kuzidi kuwa hivyo.

Picha iliyofuata ilikuwa jibu la barua hiyo. Tarehe 25 Mei 1906, siku ya ukumbusho wa ndoa aliyoikimbia, alijichora amesimama mbele ya mtazamaji, uchi hadi nyonga, shada la kaharabu shingoni, kitambaa cheupe kimefungwa chini ya kiuno, mikono imelikumbatia tumbo kama tumbo la mja mzito. Mja mzito hakuwa. Wanahistoria wengi wa sanaa wanaiona kuwa ya kwanza ijulikanayo ambayo mwanamke amejichora mwenyewe uchi kwa namna hiyo. Chini yake aliandika kwamba ameichora akiwa na miaka 30, katika siku ya sita ya ndoa yake, na akatia herufi mbili tu: P na B. Herufi ya mume aliiacha.

Otto alimfuata Paris, na mwaka 1907 walirudi pamoja Worpswede. Zipo sababu nyingi, na fedha ni mojawapo: Paula hakuwa na kipato, na katika maisha yake yote picha alizouza zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tarehe 2 Novemba 1907 alijifungua mtoto wa kike, Mathilde, aliyeitwa kwa mapenzi Tille. Uzazi ulikuwa mgumu, na daktari akamwamuru alale kitandani asiondoke. Tarehe 20 Novemba, siku ya kumi na nane, ndani ya arobaini, aliruhusiwa kuinuka. Alichana na kusuka nywele zake, akatembea hadi chumba cha pili, akaomba mtoto wake aletwe. Miguu ikamlemea, donge la damu likafunga mshipa, akafa. Alikuwa na miaka 31. Neno lake la mwisho, kama walivyolipokea waliokuwapo, lilikuwa neno moja la Kijerumani la masikitiko, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa ‘pole’ au ‘hasara’ na lisingetosha.

Otto na Heinrich Vogeler walipoingia katika chumba chake cha kazi ndipo walipojua walichokuwa wakiishi nacho. Katika muda wa miaka kama kumi alikuwa ameacha picha za rangi zaidi ya 700 na michoro ya karatasi zaidi ya 1,000.

Kuanzia mwaka 1908 picha hizo zikaanza kuonyeshwa mjini Bremen na kwingineko. Gustav Pauli, mkuu wa Kunsthalle, ambaye alimtetea Paula alipokuwa hai, aliandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1919. Lakini kilichomfanya Paula kuwa kipenzi cha Wajerumani hakikuwa rangi, kilikuwa barua. Mama yake alitaka barua na daftari za binti yake zitolewe, na Rilke aliombwa azihariri, akakataa. Kazi hiyo ikafanywa na Sophie Dorothee Gallwitz, na kitabu kilichotoka mwaka 1917 kilichapwa tena na tena. Maelfu ya wasomaji walimpenda msichana mwenye furaha aliyehisi kwamba maisha yake yatakuwa mafupi. Ni kitabu kizuri, na kwa upande mwingine ni pazia: yaliyokuwa makali yalikuwa yamepunguzwa, na hadi ilipotoka chapa kamili mwaka 1979 umma ulikuwa na Paula laini kuliko yule aliyeishi. Aidha, mtu aweza kuzipenda barua za mchoraji maisha yake yote bila kuwahi kusimama mbele ya picha hata moja. Ilihitajika mahali pa kusimama.

Mahali hapo palijengwa na Ludwig Roselius. Alizaliwa Bremen mwaka 1874, na utajiri wake aliupata kwa kahawa iliyoondolewa ile dawa inayomnyima mtu usingizi. Inasimuliwa kwamba aliamini baba yake aliuawa na kahawa, ndipo akatafuta njia ya kuitoa sumu bila kuitoa ladha. Kampuni yake, Kaffee HAG, ilianza mwaka 1906, mwaka ule ule Paula alipokuwa Paris akijichora na shada la kaharabu. Karibu na soko kuu la Bremen kuna mtaa mwembamba wa kale uitwao Böttcherstraße, yaani mtaa wa watengeneza mapipa. Roselius alianza kwa kununua nyumba moja, kisha nyingine, hatimaye mtaa karibu wote ukawa wake, akaujenga upya kwa matofali mekundu.

Nyumba moja katika mtaa huo alimpa mchongaji Bernhard Hoetger aisanifu. Hoetger alikutana na Paula Paris mwaka 1906, naye alikuwa mtu wa kwanza mwenye cheo katika sanaa kumwambia usoni kwamba kazi zake ni kubwa. Paula alilia kwa furaha. Sanamu iliyoko kaburini kwake Worpswede, mama anayekufa na mtoto mapajani, ni kazi ya mkono huo huo. Kwa Böttcherstraße Hoetger alijenga kitu kisichofanana na nyumba nyingine yoyote ya Bremen: kuta zinapinda, matofali yanatokeza na kuzama kama mawimbi, ngazi zinazunguka, na vyumba vya juu vinapata mwanga wake kutoka darini. Ilifunguliwa tarehe 2 Juni 1927. Inajulikana kuwa makumbusho ya kwanza duniani yaliyojengwa kwa ajili ya kazi za mchoraji mmoja mwanamke.

Jina lililowekwa na Roselius lilikuwa Nyumba ya Paula Becker-Modersohn. Mchoraji mwenyewe, alipokuwa ameolewa, alijiita Modersohn-Becker, mume mbele, kama desturi ilivyotaka. Roselius aliyageuza. Haifai kumpa sifa asizostahiki. Hakuwa mpigania haki za wanawake, na huenda alilolitaka ni kuonyesha kwamba msichana huyu ni wa Bremen kabla hajawa wa mtu mwingine. Vyovyote iwavyo, jina alilozaliwa nalo lilitangulia mlangoni, miaka 20 baada ya kufa kwake. Juu ya lango Hoetger aliweka maandishi yasemayo kwamba nyumba hii imesimamishwa kuwa ishara ya kazi ya mwanamke mtukufu, kazi ambayo itasimama na ushindi wakati sifa za mashujaa wanaume zitakapokuwa zimepeperushwa na upepo. Maneno haya yaliandikwa miaka tisa tu baada ya Ujerumani kushindwa vitani.

Hapa ndipo historia inapokuwa nzito. Roselius aliamini mambo ya asili tukufu ya watu wa kaskazini, damu yao na miungu yao ya kale. Ujenzi wa mtaa wake aliuona kuwa njia ya kuiamsha roho ya Kijerumani baada ya kushindwa. Nyumba nyingine mtaani humo, iliyofunguliwa mwaka 1931, aliipa jina la Atlantis, bara la hadithi alilolidhania kuwa kitovu cha watu hao. Hitler alipotwaa madaraka Roselius alimpenda na kumsifu. Hoetger naye alijiunga na chama cha Wanazi. Mwaka 1936 waliweka juu ya lango la mtaa sanamu kubwa ya dhahabu ya malaika anayeteremka na upanga kumwua joka, na Roselius akatangaza kwamba inaashiria ushindi wa kiongozi huyo.

Kiongozi hakupendezwa. Mwezi Septemba mwaka huo huo, katika mkutano mkuu wa chama mjini Nuremberg, Hitler aliutaja mtaa wa Böttcherstraße kwa jina na kusema kwamba utamaduni wa namna ile hauna uhusiano na chama chake. Mwaka uliofuata mtaa ukawekwa chini ya sheria ya kuhifadhi majengo, si kwa heshima bali uwe mfano wa sanaa ya upotovu, na kwa kejeli hiyo ukaokoka na nyundo. Mwaka 1937 pia makumbusho ya umma kote Ujerumani yaliamriwa kutoa kazi zote zilizohukumiwa kuwa potovu. Za Paula zilizochukuliwa zinafikia 70. Vizee wake wa nyumba ya maskini walionekana kuwa tusi kwa uzuri wa mwanamke wa Kijerumani. Ilidaiwa kwamba hana hisia za kike, hana umama. Mchoraji aliyekufa ndani ya arobaini ya mtoto wake akahukumiwa kuwa hajui umama. Hoetger alifukuzwa chamani mwaka 1938, na mwaka 1949 akafia Uswisi.

Nyumba yenyewe, kwa kuwa ilikuwa mali ya mtu na si ya umma, haikupatikana na amri ile iliyoyasafisha makumbusho mengine. Hili ni jambo la kutia uchungu kulisema, lakini halina njia ya kukwepwa: mtu aliyemwimbia dhalimu ndiye aliyekuwa na ukuta ambao picha za Paula zilibaki zikining'inia, kwa sababu ukuta ulikuwa wake na fedha zilikuwa zake. Wako waandishi wanaoliruka jambo hili ili Roselius abaki mfadhili safi. Wako na wanaoitaja nyumba kwa haraka ili wasiguswe na uchafu wake. Wote wawili wanamdhulumu mchoraji. Urithi wake ulipita katika mikono hiyo, na mikono haikuwa na rangi moja.

Roselius alikufa mwezi Mei 1943. Tarehe 6 Oktoba 1944 mabomu yaliiteketeza sehemu kubwa ya mtaa. Picha zikanusurika. Kampuni ya kahawa ikajenga upya, na kufikia mwaka 1954 Böttcherstraße ilikuwa imesimama tena kwa sura yake ya mwanzo.

Lakini mali ya mtu ni mali ya mtu. Kinachookolewa na fedha kinaweza kuuzwa kwa fedha. Mwaka 1979 kampuni ya Roselius iliuzwa kwa Wamarekani, na mtaa ukaenda pamoja nayo. Mwana wa Roselius aliununua tena mtaa miaka miwili baadaye, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 sehemu yake kubwa ikapita kwa benki ya akiba ya Bremen. Kwa bahati waliokuja walikuwa watunzaji. Wangeweza kuwa wengine.

Aliyelielewa jambo hilo mapema alikuwa Tille. Mtoto aliyebaki bila mama siku ya kumi na nane alikua bila kumbukumbu hata moja ya mama huyo isipokuwa aliyoyasoma na aliyoyaona ukutani. Mwaka 1978, akiwa na miaka 70, alizitoa picha alizozirithi, zaidi ya 50, pamoja na michoro ya karatasi ipatayo 500, akaziweka wakfu kwa jina la mama yake, Bremen ikiwa makao yake. Watu wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa tofauti iliyopo baina ya mali na wakfu: mali ina mwenyewe na ina bei, wakfu hauna bei wala haurithiwi. Kazi za Roselius na kazi za wakfu wa Tille zilikuja kuonyeshwa pamoja katika nyumba ile ya matofali, na wakfu huo ndio ulioshughulikia orodha kamili ya picha zote za rangi, iliyotoka mwaka 1998. Tille alikufa mwaka huo huo.

Tangu hapo dunia imeanza kuijia Bremen. Mwaka 2016 Paris, mji aliouendea mara nne, ilimfanyia maonyesho makubwa yake peke yake kwa mara ya kwanza, miaka 109 baada ya kufa kwake. Mwaka 2017 majumba mawili ya New York yalishirikiana kununua picha moja aliyojichora mwaka 1907, ameshika maua mawili mkononi, na mwaka 2024 maonyesho yake mjini humo yakachukua anwani yake kutoka katika ile barua ya sahihi. Wanaoandaa maonyesho kama hayo lazima wabishe hodi Bremen kwanza, kwa kuwa hapo ndipo zilipokusanyika kazi, orodha na wajuzi wake.

Washairi nao walirudi. Katika miaka ya 1975 na 1976 Mmarekani Adrienne Rich alitunga shairi ambalo ndani yake Paula anamwandikia Clara Westhoff, wanawake wawili wakizungumza juu ya kazi, mimba na waume, na juu ya Rilke. Anwani yake inawataja wote wawili, kila mmoja kwa jina alilozaliwa nalo.

Makumbusho ya Böttcherstraße siku hizi yanaitwa Makumbusho ya Paula Modersohn-Becker. Mpangilio wa Roselius uliachwa, ukarudishwa ule alioutumia mwenyewe alipokuwa mke. Maandishi ya Hoetger yangali juu ya lango, na malaika wa dhahabu angali mwanzo wa mtaa. Ndani ya nyumba imo picha ya tarehe 25 Mei 1906, na chini yake herufi mbili.